Mwanga uliomwandama mjomba: muulize upande na saa kabla ya kumpa jibu

Mleta mada anasema mjomba wake na mkewe walikuwa safarini usiku, mwanga mweupe ukawaandama karibu nusu saa. Wakisimama nao unasimama, wakiondoka nao unaondoka, kisha ukazimika ghafla. Anauliza aanzie wapi kuchunguza, maana nusu ya wachangiaji wamemwambia ni majini na nusu nyingine wamesema mjomba alikuwa amelewa.

Mkuu, hizo pande mbili zina kosa moja: zimetoa jibu kabla ya kuuliza swali. Nami nalijua kosa hilo kwa sababu nimelifanya. Nafuatilia habari za taa za angani kwa miaka kadhaa sasa, si kazi ya kulipwa, ni udadisi tu. Siku za mwanzo mzee mmoja alinieleza kwamba jioni nyingine huona taa tatu zimejipanga angani, hazisogei, hazitoi sauti. Hajamaliza, nikamkatisha: "Hiyo ni sayari Zuhura tu, mzee."

Akaniangalia. "Zuhura ziko ngapi?" Halafu akaongeza, "Na tangu lini Zuhura ikakaa mashariki jioni?"

Nilitamani ardhi inimeze. Zuhura haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47, kwa hiyo jioni utaiona upande wa magharibi na alfajiri upande wa mashariki, basi. Mzee aliijua anga kuliko mimi, ila hakujua zile taa ni nini. Wiki iliyofuata nikarudi, tukakaa uani kwake mpaka zikatokea. Ndege. Zilikuwa zinajipanga kwenda kutua, moja nyuma ya nyingine, zikitujia uso kwa uso na taa za kutua zimewashwa. Ndege inayokujia moja kwa moja haionekani kusogea, inazidi kung'aa tu, na ikiwa mbali bado huisikii. Zilipokata kona ndipo tukaona taa nyekundu ya bawa la kushoto, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Kwanza namwacha shahidi aseme yote kwa mpangilio wake bila kumdakia. Baada ya hapo turudi mwanzo, tutenganishe alichokiona kwa jicho na alichokiongeza kwa akili. "Kilikuwa kikubwa kama nyumba, umbali wa kilomita mbili" si kitu kilichoonwa. Usiku, taa iliyo peke yake haina cha kulinganishwa nacho, na kama hujui umbali huwezi kujua ukubwa. Kwa hiyo namwambia anyooshe mkono na aniambie: kidole chako kidogo kingeifunika? Kidole hicho kinafunika takriban nyuzi 1 ya anga, yaani mara mbili ya upana wa mwezi. (Watu hubisha kwamba mwezi hauwezi kufichwa na kidole kidogo. Jaribu leo.) Ngumi ni nyuzi 10, hivyo kimo juu ya upeo wa macho nakipima kwa ngumi.

Kama mashahidi ni wengi, nawahoji mmoja mmoja, japo kwa kawaida nimechelewa, wameshasimuliana na hadithi zimeungana. Hapo simaanishi kwamba wanadanganya. Tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya roketi iliyorusha chombo cha Kisovieti, Zond 4, yaliungua yakirudi kwenye angahewa juu ya Marekani. Watu wa majimbo kadhaa waliona vipande vinavyowaka vikipita kwa msafara, bila sauti. Wengi walieleza hivyohivyo, taa zinazopita. Lakini wapo walioeleza chombo kimoja kirefu chenye madirisha yanayotoa mwanga, tena kikipita chini. Taa zilikuwepo kweli. Kiwiliwili cha kuziunganisha ndicho kilichotoka kichwani.

Sasa saa, na hapa ndipo nimepoteza muda mwingi kuliko kwingine kote. Mama mmoja aliniambia kwamba Ijumaa saa tisa usiku aliamka akaona kitu chekundu, kama tufe lililokatwa vipande, kikididimia nyuma ya miti upande wa magharibi. Wazo la kwanza lilikuwa mwezi, kwa kuwa ukikaribia upeo wa macho mwanga wake hupita kwenye hewa nene yenye vumbi, ukawa mwekundu, na mawingu membamba huukata vipande. Nikafungua programu ya ramani ya anga, nikaweka Ijumaa saa tisa usiku. Mwezi ulikuwa umeshazama tangu saa nane na dakika 20 hivi. Nikaufuta. Wiki nzima nikahangaika na ndege, droni, moto wa vichakani, hata taa za minara.

Siku nyingine tukiongea mambo mengine kabisa, akataja kwamba asubuhi yake watoto hawakwenda shule. Kumbe! Alilala Ijumaa, akaamka saa tisa, kwake ule bado ulikuwa usiku wa Ijumaa. Kwenye kalenda ilikuwa Jumamosi. Mwezi huchelewa kuzama kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo usiku huo ulizama saa tisa na dakika 10, palepale alipoonyesha kwa mkono. Siku hizi siulizi tarehe, nauliza "usiku wa kuamkia lini?" Tena nauliza kama saa aliisoma kwenye simu au aliikisia, kwa sababu shahidi anasema saa tatu, simu inasema 21:00, na baadhi ya orodha za setilaiti zinatumia saa za dunia (UTC).

Ukishakuwa na saa, upande na kimo, kazi iliyobaki ni nyepesi. Programu ya Stellarium haina malipo na itakuonyesha anga ya usiku wowote. Msururu wa taa kama shanga ni setilaiti za intaneti za Starlink zilizotoka kurushwa. Kundi la kwanza, 60 kwa mpigo, lilirushwa Mei 2019. Taa moja isiyopepesa, inayokatiza anga kwa dakika chache na kuzimika katikati ya njia, angalia kwanza Kituo cha Kimataifa cha Anga: kiko juu kilomita 400 hivi, na kinazimika kwa sababu kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Video za simu siziamini sana. Taa isiyo kwenye fokasi inageuka sahani, na nusu ya "vyombo" nilivyotumiwa ni taa ya barabarani iliyojirudia ndani ya lenzi.

Na kama baada ya yote hupati jibu, bado kuna maswali mawili tofauti: data ndiyo pungufu, au kitu chenyewe ndicho hakielezeki? Kitengo cha Ufaransa kinachochunguza taarifa kama hizi, GEIPAN, chini ya shirika lao la anga CNES, huweka kwenye kundi C taarifa zenye data pungufu, na kwenye kundi D zile zilizochunguzwa vizuri zikabaki bila maelezo. Naupenda mgawanyo huo. Mradi wa Blue Book wa jeshi la anga la Marekani, uliochunguza taarifa za vitu visivyotambuliwa angani, ulifungwa 1969 ukiwa na taarifa 12,618, na 701 hazikutambuliwa. Watu hurusha hiyo 701 kama ushahidi wa wageni kutoka sayari nyingine, ilhali namba pekee haikwambii faili lilikuwa na nini ndani.

Turudi kwa mjomba. Nusu saa inaondoa kimondo, kinachoisha kwa sekunde, na inaondoa setilaiti ya mzunguko wa chini, inayopita kwa dakika chache. "Kutufuata" ni tabia ya kitu kilicho mbali mno: miti ya kando inakimbia nyuma, chenyewe hakibadili mahali, kwa hiyo kinaonekana kinakwenda nanyi. Kuzimika ghafla kunaweza kuwa wingu, kilima au kona ya barabara. Lakini hizo ni dhana zangu, usimpelekee.

Mpeleke mahali waliposimama, akae kiti kilekile, anyooshe mkono ulipokuwa mwanga. Soma dira nje, mbali kidogo na chuma cha gari, kisha pima ngumi. Mkewe afanye hivyohivyo peke yake, mume akiwa hayupo. Uliza barabara ilikuwa inaelekea wapi mwanga ulipozimika, na ulikuwa usiku wa kuamkia lini. Niletee hayo hapa, nitafungua anga ya usiku huo tuitazame pamoja. Na mpaka hapo, neno Zuhura lisikutoke kinywani mbele yake.