Kuhusu ile laki moja ya mbegu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa jikoni, ndizi zikaungua. Unauliza: "Mama, umetulea ukisema Mungu hutoa. Tangu nipunguzwe kazini ni miezi minne, mbona kwangu hajatoa? Na huyu nabii anayesema nipande laki moja ya mbegu nivune kazi, nitoe?"

La nabii ni jepesi. Usitoe. Hiyo laki ni kodi ya watu.

Najua atakusomea 1 Wafalme 17, mjane wa Sarepta aliyebakiwa na konzi ya unga, na Eliya akamwomba ampikie yeye kwanza. Imeandikwa kweli. Ila soma mpaka mwisho. Eliya alihamia kwa yule mjane, wakala pipa moja siku nyingi. Unga ungekwisha, naye angelala njaa. Mtoto wa nyumba ile alipokufa, Eliya ndiye aliyembeba mpaka chumbani kwake akamlilia Mungu. Huyo nabii wako, mwenye nyumba akikutoa, utalala kwake?

Tena kabla ya hapo kuna mstari huwa tunauruka. Kunguru walimletea Eliya mkate na nyama asubuhi na jioni pale kijito cha Kerithi, halafu kijito kikakauka kwa kuwa mvua haikunyesha. Mungu alimpeleka pale mwenyewe, na maji yakaisha. Eliya hakuwa ametenda kosa lolote. Kwa hiyo acha kukesha ukitafuta dhambi iliyokupotezea kazi.

Mwaka 2001 unaukumbuka? Bei ya kahawa ilianguka dunia nzima, na huku kwetu mlimani mavuno hayakurudisha hata hela ya dawa tuliyopulizia. Nilisali sana. Jirani akiniuliza hali, najibu "tunamshukuru Mungu" na kupita haraka. Jumapili moja sikuwa na sadaka, nikapeleka mkungu wa ndizi mshare kwenye mnada wa usharika. Mzee mmoja akaununua kwa bei iliyofanya watu wacheke, kisha akasema, "Mrudishieni mwenyewe." Nikarudi nao kichwani, aibu ikinizidi furaha. Jioni mkewe akaja na kilo mbili za sukari: "Mbona hamkutuambia?" Kumbe wewe ulikuwa umemwambia mjukuu wao shuleni kwamba kwetu siku hizi hatunywi chai. Nilitaka kukuchapa! Baba yako akanizuia, akasema huyu mtoto amefanya kilichotushinda sisi wakubwa.

Na usidhani kila kitu kilikuja. Ada ya kaka yako haikupatikana, na shule aliiacha pale pale. Nilifunga, nikalia, haikupatikana. Hilo nitamuuliza Mungu mwenyewe, sina jibu la kukupa. Najua tu kwamba hatukulala njaa, na kila tulichokula mwaka ule kilipita kwenye mkono wa mtu ninayemjua kwa jina.

Sasa niambie, jumuiya yenu huko Dar wanajua? Baba yako mdogo wa Tabata je? Nilimpigia jana, hakuwa na habari, nikamwambia yote. Kasirika, lakini nimeshasema. Kuna duka la vifaa vya ujenzi la rafiki yake, wanatafuta mtu wa kuandika stoo. Mshahara ni mdogo, na najua ulikuwa unakaa ofisini kwenye kiyoyozi. Nenda Jumatatu asubuhi, uvae lile shati la bluu.

Nimekutumia mkungu wa mshare na maharage kwa basi la kesho. Upokee stendi ya Mbezi, jina lako nimeliandika kwa kalamu nyekundu. Namba ya konda nitakutumia wakiondoka. Ndizi nyingine mpe yule mama unayesema anakukopesha mkaa.

Mama yako