Bataille: tumuanzie wapi?

SWALI: Nasoma falsafa kwa elimu ya masafa nikiwa Langoni, Lamu. Tumepewa kumsoma Mfaransa Georges Bataille. Nilianza na Histoire de l'œil (Hadithi ya Jicho), kitabu chake cha mambo ya ngono, nikakifunga kurasa za mwanzo kwa haya. Je, mtu huyu anafaa kusomwa? Na ni kweli anaeleza harusi zetu, jinsi mali inavyomwagwa?
Msomaji, Lamu

JIBU: Anafaa sana, ila umeingilia dirishani. Hadithi hiyo ya 1928 aliitoa kwa jina la bandia, Lord Auch. Kikazi alikuwa mkutubi wa Bibliothèque nationale mjini Paris, msomi wa maandishi ya kale. Hadithi yenyewe iweke mwisho.

Anza na makala yake ya 1933, "La notion de dépense" (Dhana ya matumizi). Ni fupi, isome mara mbili. Neno dépense usilitafsiri "israfu", kwani israfu tayari ni hukumu. Andika "matumizi yasiyorudi". Wanafunzi wengi hukwama hapo, wakadhani anasifia ufujaji.

Kisha chukua kitabu chake La Part maudite (Fungu lililolaaniwa, 1949), kwanza sehemu ya kwanza tu. Hoja yake inaanzia juani: jua hutoa, halipokei. Kila kilicho hai hupata nguvu nyingi kuliko inayohitajika kuishi. Ziada hiyo hukuza mwili. Nafasi ya kukua ikisha, lazima iteketee. Fyeka njia shambani, iache msimu mmoja wa mvua, uone magugu yanavyoirudia: mfano wa njia ya bustani anao mwenyewe. Binadamu naye asipoitumia ziada kwa sherehe, sanaa au ibada, itatoka kwa vita.

Ukiendelea baadaye hadi sura ya Uislamu katika kitabu hicho, isome kwa tahadhari. Anautazama kupitia jeshi na ushindi wa mwanzo. Uislamu uliokuja pwani kwa majahazi na biashara haumo kabisa.

Sasa harusi. Kutoka kwa Marcel Mauss, mwanasosholojia Mfaransa aliyeandika juu ya zawadi (1925), Bataille alichukua potlatch, karamu za wenyeji wa kaskazini-magharibi mwa Amerika, ambako mwenye kugawa mali humlemea mpinzani wake. Tatizo aliliona mwenyewe: mtoaji anapoteza mali lakini anavuna hadhi. Basi chukua daftari la tuzo. Kilichoandikwa humo ili kirudishwe harusi ijayo ni deni, si matumizi yasiyorudi. Pilau iliyoliwa na mpita njia asiyejulikana inakaribia zaidi.

Malizia na L'Érotisme (1957), uanze na utangulizi. Humo kuvunja mwiko si kuufuta. Mwiko husimamishwa kwa muda, na mvunjaji sharti auhisi uzito wake, aingiwe na hofu. Asiyeuogopa hajavuka chochote. Ukifika hapo, ifungue tena ile hadithi uliyoifunga: haya iliyokushika ndiyo kitu anachokichunguza.