Ubao hauna mwisho, mchoro wako uwe nao

Kazi yangu inanitaka nichore karibu kila siku: taarifa inatoka mfumo gani kwenda upi, nani anaidhinisha nini, kipi kikikwama kinakwamisha vingine. Nimetumia programu za ubao wa kuchorea mtandaoni kama Miro, FigJam, Excalidraw na draw.io, na kabla ya hapo Jamboard ya Google. Watu huniuliza ipi bora. Kusema kweli, kwa mahitaji ya wengi wetu zinakaribiana sana, na mchoro usioeleweka hautaeleweka kwa kuhamishiwa programu nyingine. Ubao unaosomeka hutokana na mambo machache unayoyafanya kabla hujashika kipanya, na mengine machache baada ya watu kuondoka kwenye mkutano.

Swali kwanza

Kabla sijaweka kisanduku hata kimoja, naandika swali kwa herufi kubwa pale juu. Nasema swali, sio kichwa cha habari. Ukiandika "Mfumo wa malipo", chini yake utachora chochote kile, kuanzia majedwali ya hifadhidata hadi majina ya wahasibu. Ukiandika "Mteja akilipa na mtandao ukakatika katikati, pesa zake ziko wapi?", mara moja unajua cha kuingiza na cha kuacha nje. Ukurasa wa bidhaa hauna kazi hapo. Seva ya barua pepe huenda ikawa na kazi, maana mteja atasubiri risiti, na asipoiona atalipa tena.

Karatasi ilikuwa na wema mmoja: inaisha. Ukifika ukingoni unalazimika kuamua. Kwenye ubao wa mtandaoni unavuta tu pembeni na nafasi mpya inajitokeza, ndiyo maana unakuta mbao zilizoanza na mchoro wa hatua tano zikaishia na msitu wa visanduku ambao hata aliyeuchora hawezi kuueleza bila kusitasita. Swali linakuwekea ukingo. Likishajibiwa, mchoro umekwisha, hata kama bado kuna mengi ya kusema. Hayo mengine yapewe swali lake na fremu yake, yaani eneo la ubao lenye mpaka na jina. Nikiona visanduku vinakaribia ishirini, huwa nasimama na kujiuliza kama sijachanganya maswali mawili, na mara nyingi nakuta nimeyachanganya kweli.

Kwa wanaochora mifumo ya kompyuta, msanifu wa programu Simon Brown amerahisisha jambo hili kwa mtindo wake wa C4, wenye ngazi nne: mfumo na wanaouzunguka, kisha sehemu kubwa zinazoendeshwa ndani yake, kisha vijenzi vya kila sehemu, mwisho kodi yenyewe, yaani maandishi ya programu. Mwenyewe anasema ngazi mbili za juu zinazitosha timu nyingi. Nakubaliana naye. Ngazi ya nne sijawahi kuona ikidumu. Kodi inabadilika kabla mchoro haujapata wasomaji.

Mshale ndio wenye habari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo michoro mingi inapoharibikia.

Watu hutumia muda mwingi kwenye visanduku: rangi gani, kona ziwe za mviringo au kali, aikoni ipi ipendeze. Lakini kisanduku ni jina tu. Kinachoeleza mambo yanavyokwenda ni mshale, na mshale ndio huo unaochorwa haraka haraka na kuachwa bila neno hata moja.

Chukua visanduku viwili, kimoja "Malipo", kingine "Ghala", na mshale kutoka cha kwanza kwenda cha pili. Una maana gani? Kwamba pesa zikishaingia ghala linaambiwa litoe mzigo? Au kwamba kabla ya kukata pesa tunaangalia kama mzigo upo? Au ni mpangilio wa wakati tu, hiki kwanza, kile baadaye? Niliwahi kukaa na timu iliyokuwa na mchoro wa aina hiyo hiyo, na wote walikuwa wameuona mara nyingi. Nikawaomba kila mmoja auseme kwa mdomo wake. Zikatoka tafsiri tatu, na kila mwenye yake alishangaa kwamba wenzake wanauona vingine.

Tukauandikia mshale ule maneno: "huuliza kama mzigo upo". Tukaongeza wa pili, kutoka Malipo tena: "huagiza mzigo utolewe". Haikuchukua muda, mmoja akauliza: kati ya kuuliza na kuagiza, mteja mwingine akiuchukua mzigo wa mwisho, inakuwaje? Kimya. Hakuna aliyekuwa na jibu, na tatizo hilo lilikuwepo siku zote. Mishale ilipokuwa bubu hapakuwa na mahali pa kulionea.

Kwa hiyo kila mshale wangu hubeba kitenzi. Nasoma kisanduku cha kwanza, maneno ya mshale, kisha kisanduku cha pili, na lazima itoke sentensi inayosimama yenyewe: "Malipo huuliza Ghala kama mzigo upo." Ikitoka kitu cha kuchechemea, bado sijaelewa ninachokichora. Maneno kama "huunganisha" na "huhusiana na" nayakataa, kwa sababu hayasemi lolote ambalo mstari wenyewe haujasema. Mshale wenye vichwa pande zote mbili pia naukwepa. Karibu kila mara ni mazungumzo mawili yaliyofichwa ndani ya mstari mmoja, na kila moja lina namna yake ya kukwama.

Kuna na upande wa mikono. Hakikisha mshale umenata kwenye kisanduku. Programu hizi zote zinao uwezo huo: ukiburuta ncha ya mshale hadi ukingoni mwa umbo, linang'aa au linaonyesha vidoti, na ukiachia hapo mshale utalifuata umbo popote litakapohamia. Jaribio ni jepesi: sogeza kisanduku kidogo, tazama kama mshale umekuja nacho, kisha bonyeza Ctrl+Z kukirudisha kilipokuwa. Ukiacha mishale inayoelea, siku utakapopanga upya utachora nusu ya mchoro kutoka mwanzo. Na mishale ikianza kukatana, usihangaike kuipinda. Hamisha visanduku kwanza. Mara nyingi kisanduku kimoja tu ndicho kimekaa upande usio wake.

Maumbo yenyewe yasikuumize kichwa. Frank na Lillian Gilbreth, wanandoa waliochunguza namna kazi zinavyofanywa, waliwaeleza wahandisi wa mitambo wa Marekani chati zao za mchakato mwaka 1921, na alama za chati mtiririko zimewekewa kiwango cha kimataifa, ISO 5807 cha mwaka 1985. Kiwango hicho kina alama nyingi kuliko wasomaji wako watakazozikumbuka. Mimi natumia tatu: mstatili kwa hatua, almasi kwa uamuzi, silinda kwa mahali data inapohifadhiwa. Almasi lazima itoe mishale miwili au zaidi, kila mmoja na jibu lake. Almasi inayotoa mshale mmoja ni hatua ya kawaida iliyoazima nguo.

Rangi: moja, maana moja, na maana hiyo iandikwe pembeni. Nyekundu dhidi ya kijani isiwe njia pekee ya kutofautisha vitu, kwa sababu wapo wasomaji ambao macho yao hayatenganishi rangi hizo mbili. Ongeza neno, au badilisha aina ya mstari.

Ubao wenyewe

Mchoro mmoja mzuri ukiwekwa kwenye ubao uliovurugika haumsaidii mtu, maana hataufikia. Mgeni anapofungua ubao wako anatupwa popote, pengine kwenye kona tupu, pengine akiwa mbali kiasi kwamba kila kitu ni vumbi. Kwa hiyo juu kushoto naweka fremu iitwayo "Anzia hapa": ubao huu ni wa nini, nani wa kuulizwa, na linki za fremu nyingine. Kuelekea kulia ni michoro iliyokubaliwa. Chini ni rasimu. Mbali kabisa chini ni ya zamani, ambayo sifuti mpaka mradi uishe, kwa sababu kuna siku mtu atauliza kwa nini tuliiacha njia fulani.

Tumia fremu, usipange vitu kwa macho tu. Fremu ina jina, inahama na vilivyomo ndani yake, inaweza kutolewa peke yake kama picha, na Miro itakuonyesha fremu zako moja baada ya nyingine kama slaidi. FigJam wanaita seksheni, lakini kazi inafanana. Kwenye Excalidraw unabonyeza F tu. Jina la fremu liwe lile swali, na chini yake tarehe ambayo mtu alihakikisha mara ya mwisho kwamba mchoro bado ni wa kweli. Tarehe ya kuchorwa hainisaidii sana. Mchoro wa mwaka juzi uliohakikiwa wiki iliyopita nauamini kuliko wa mwezi jana ambao hakuna aliyeurudia.

Wanaotumia Miro bila kulipia wanaujua ule ukomo wa mbao tatu za kuhariri. Matokeo yake miradi sita inasongamana ubao mmoja, ubao unakuwa mzito, na kompyuta inaanza kulalamika. Dawa ni kumaliza: mradi ukiisha, toa fremu zake kama PDF, zihifadhi kwenye folda ya mradi, kisha safisha ubao.

Violezo, yaani mbao zilizopangwa tayari za kujaza tu, sivipendi, najua wapo watakaonipinga. Kiolezo kinakuja na maswali ya mtu mwingine, na watu huanza kujaza nafasi kwa sababu tu nafasi ipo. Ukikitumia, futa kila sehemu isiyohusu swali lako kabla hujamwalika mtu.

Mikutano ya moja kwa moja ina vurugu zake. Mtu anataka kuusogeza ubao aone upande wa pili, kumbe kipanya kimeshika jedwali ambalo watu wamebandika juu yake vikaratasi vya mawazo yao, na jedwali zima linaondoka huku vikaratasi vikibaki vinaelea hewani. Kila mtu anabonyeza Ctrl+Z kwa wakati mmoja na hali inazidi kuwa mbaya. Zuia mapema: chagua vitu vyote vilivyo chini ya vikaratasi na uvifunge visisogee, kwa Ctrl+Shift+L kwenye Miro na Excalidraw. Na kabla hamjaanza kupanga vikaratasi kwa makundi, nakili fremu yote na uiweke pembeni. Makundi hubadilisha maana ya kile mtu alichoandika, na ni vizuri maneno ya awali yabaki yalivyokuwa. Jina la kundi lije baada ya vikaratasi kukusanyika. Ukilitanguliza, watu watalazimisha mawazo yao yaingie humo.

Njia mbili za mkato zinazoniokolea muda kuliko zote: kushika Alt huku ukiburuta umbo, unapata nakala yake, na Shift+1, ubao wote unaonekana kwa mara moja kwenye FigJam na Excalidraw. Kwenye Miro ni Alt+1.

Kuna michoro ambayo haifai ubao kabisa. Ikiwa inabadilika kila kodi inapobadilika, iandike kwa Mermaid, lugha ya kuelezea mchoro kwa maandishi, na uiweke pamoja na kodi. GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi, inaionyesha kama mchoro tangu 2022, na mabadiliko yake yanapitiwa kama mabadiliko mengine. Excalidraw nayo inaweza kuyageuza maandishi hayo ya chati mtiririko kuwa maumbo ya kuhariri, ukitaka kuendelea kwa mkono.

Usiiamini sana linki

Google walitangaza mwaka 2023 kwamba Jamboard inafungwa. Kuanzia Oktoba 2024 mbao zikawa za kutazama tu, na mwisho wa Desemba mwaka huo huduma ikazimwa. Waliotoa faili zao mapema walibaki nazo.

Excalidraw ya bure ina tahadhari yake: usipoingia kwenye akaunti, mchoro unakaa ndani ya kivinjari chako. Futa data za kivinjari, nao umekwenda. Ukitengeneza linki ya kushirikisha, ufunguo wa kuufungulia mchoro uko kwenye linki hiyo hiyo, baada ya alama ya #, na seva yao haiujui. Ni ulinzi mzuri, ila anayeipoteza linki hana wa kumlilia. Kwa hiyo hifadhi faili yenyewe. Unapotoa picha ya PNG, washa chaguo la kuuingiza mchoro ndani ya picha. Picha hiyo ukiirudisha Excalidraw inafunguka ikiwa na maumbo yote, tayari kuhaririwa. Kwa ripoti na kurasa za maelezo chagua SVG, aina ya picha ambayo maandishi hayapotezi ukali hata msomaji akikuza.

Linki ya kuhariri wape wanaohariri. Wengine wote wapate ya kutazama, akiwemo bosi, ambaye kwa kawaida ndiye hufungua ubao kwa simu na kuburuta kisanduku bila kujua.