Linda Namba Kabla ya Kulinda Simu

Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayepigiwa simu kila ndugu anapopata tatizo la mtandao, na kwa kadiri nilivyoona, matatizo makubwa karibu yote huanzia mahali pamoja, nako ni kwenye namba ya simu. Watu hununua kava, hubandika kioo cha kulinda skrini na kuweka mchoro wa kufungulia, halafu namba yenyewe huiacha bila ulinzi wowote. Ukitaka kufungua WhatsApp katika simu mpya, kinachoulizwa ni namba. Ukisahau nenosiri la Facebook au la Instagram, njia ya kulibadilisha mara nyingi huletwa kwenye namba hiyohiyo, na fedha ulizoweka M-Pesa au Airtel Money zimefungwa humo humo. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu yeyote anayetaka kuwa salama mtandaoni ni aanze na namba, kisha barua pepe, na mengine yafuate baadaye.

Nieleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mtumiaji wa kawaida anapaswa kukijua. Shangazi yangu anaishi Morogoro na ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama. Jioni moja aliletewa ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwanakwaya mwenzake: "Mama shikamoo, samahani kwa usumbufu, kuna namba ya tarakimu 6 nimeielekeza kwako kimakosa, naomba unisomee." Akaunti ilikuwa ya mtu anayemfahamu, picha ilikuwa yake, na mazungumzo yao ya zamani kuhusu sare za kwaya yalikuwa palepale juu ya ujumbe huo. Asichokijua shangazi ni kwamba akaunti ya mwanakwaya huyo ilikuwa imeshaibwa mchana, na kwamba mwizi alikuwa ameingiza namba ya shangazi kwenye WhatsApp ya simu nyingine na sasa alisubiri tarakimu 6 ambazo mfumo huzituma kwa mwenye laini ili kuthibitisha kwamba ni yeye. Alizisoma, akazituma, na baada ya muda mfupi WhatsApp yake ikamtoa nje.

Kilichofuata kilitokea kwenye kundi la familia na lile la kikoba kwa wakati mmoja. "Shangazi" aliomba akopeshwe laki tatu hadi asubuhi, na akasisitiza watu waweke na ya kutolea. Baba yangu mdogo ndiye aliyeshtuka, kwa sababu alipojibu, aliandikiwa "shikamoo kaka." Shangazi ni dada yake mkubwa, hajawahi kumwamkia mdogo wake tangu azaliwe. Kwa bahati mbaya, mama mmoja wa kikoba alikuwa ameshatuma. Jina lililotokea kwenye simu yake kabla ya kuthibitisha muamala halikuwa la shangazi, lakini mwizi alikuwa amemtangulia kwa kumwambia kwamba litakuja jina la wakala. Hila hiyo inastahili kukumbukwa, maana jina lile ndilo kizuizi cha mwisho ambacho mfumo unatupa. Jina lisipokuwa la mtu unayekusudia kumtumia, simamisha muamala, mpigie mhusika kwa simu ya kawaida, na usikie sauti yake ndipo uendelee. Usimpigie kwa WhatsApp, kwa kuwa simu ya WhatsApp itaita kwa mwizi.

Akaunti ikishaibwa, watu wengi hukata tamaa mapema mno, hasa wanapoona mwizi ameshaweka namba yake ya siri. Nilimwambia shangazi afungue upya WhatsApp kwenye simu yake, aingize namba yake, asubiri tarakimu 6 kwa meseji na aziingize. Alipofanya hivyo, mwizi alitolewa papo hapo, kwa kuwa akaunti haiwezi kusajiliwa kwenye simu mbili tofauti kwa namna hiyo. Kisha WhatsApp ikadai namba ya siri ya hatua ya pili, ambayo mwizi ndiye aliyeiweka, nasi tukalazimika kusubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuingia bila namba hiyo. Hata hivyo katika siku hizo 7 mwizi naye hakuwa ndani, na hilo ndilo lililokuwa muhimu kuliko yote. Wakati huohuo viongozi wa makundi waliiondoa namba ya shangazi kwenye makundi, na wapwa waligawana kazi ya kuwapigia wazee simu mmoja mmoja.

Yote hayo yangezuiwa na mpangilio mmoja ambao upo kwenye WhatsApp tangu mwaka 2017. Ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, utakuta uthibitisho wa hatua mbili. Hapo unaweka namba ya siri ya tarakimu 6 unayoichagua mwenyewe, ambayo itadaiwa kila mara mtu anapojaribu kusajili namba yako kwenye simu nyingine. Hata kama utalaghaiwa ukatoa zile tarakimu za meseji, mwizi atakwama kwenye mlango wa pili. Weka pia anwani ya barua pepe unapoulizwa, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia ukiisahau namba hiyo. Tafadhali usiijenge kwa mwaka wako wa kuzaliwa, wala kwa namba ya siri ya M-Pesa.

Ukiwa hukohuko kwenye mipangilio, fungua sehemu inayoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Wateja wengi wa stationery huunganisha WhatsApp yao na kompyuta ya dukani ili kuchapisha vyeti au barua ya maombi ya kazi, wakalipa, wakaondoka, na akaunti ikabaki wazi kwenye kompyuta ile. Nimewahi kukaa kwenye kiti cha duka la namna hiyo, nikafungua kivinjari ili nichapishe kazi yangu, na mbele yangu yakatokea mazungumzo ya mtu nisiyemjua, pamoja na picha ya kitambulisho chake cha NIDA. Ukikuta kwenye orodha kifaa usichokitambua, kiguse na ukiondoe. Kwa kazi za kuchapisha, kutuma faili kwa barua pepe ya duka ni bora zaidi kuliko kuwaachia mazungumzo yako yote.

Sasa turudi kwenye laini. Tanzania ilipoanza kuzifunga laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, Januari 2020, wengi tulidhani usajili huo utamaliza utapeli. Haukuumaliza, kwa kuwa wapo waliosajiliwa laini bila kujua, kwa kuwekeshwa kidole mara ya pili na ya tatu kwa kisingizio kwamba mashine imekataa. Piga *106# na ufuate maelekezo ili uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika uikane. Hili si la kuahirisha, kwani laini yenye jina lako ikitumika kutapeli, wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Ipo pia hatari ya mtu kwenda kuirudisha laini yako kwa jina lako ili ihamie kwenye kadi yake. Dalili yake ni simu kukosa mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wa kampuni hiyohiyo wanapata mtandao vizuri. Hapo usikae ukizima na kuwasha simu hadi kesho. Azima simu ya jirani, upige huduma kwa wateja, ambayo kwa Tanzania ni namba 100, uombe laini ifungwe. Kwa ndugu wa Kenya wanaotumia Safaricom, kupiga *100*100# huzuia laini yako kubadilishwa kwa wakala bila wewe mwenyewe kufika dukani, na namshangaa mtu mwenye akiba kwenye simu ambaye hajafanya hivyo.

Laini yenyewe nayo ina namba yake ya siri, tofauti na ile ya kufungulia simu. Bila hiyo, aliyeiba simu iliyofungwa huchomoa laini, akaiweka kwenye simu yake, na meseji zote za uthibitisho zikamfikia. Iwashe kwenye mipangilio ya usalama ya simu, lakini kwanza tafuta ile kadi kubwa ambayo laini iling'olewa, kwa sababu humo ndimo mlimo namba ya siri ya kuanzia na namba ya PUK, ile ya kufungulia laini iliyojifunga. Ukikosea namba ya siri mara 3, laini itajifunga na kudai PUK. Ukikosea PUK mara 10, laini imekufa na utalazimika kwenda kuomba nyingine. Zima pia maandishi ya meseji yasionekane kwenye skrini iliyofungwa.

Kuna ujanja mwingine ambao hauzungumzwi sana. Mtu anakupigia akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu, anakuambia kuna tatizo la mtandao, anakuomba upige *21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli. Ukipiga hivyo, umeelekeza simu zako zote ziende kwa namba hiyo, na kwa kuwa tarakimu za uthibitisho zinaweza pia kusomwa kwa sauti kupitia simu ya kawaida, mwizi atazisikia kabla yako. Piga *#21# uone kama simu zako zimeelekezwa kwingine, na ##002# ili kufuta maelekezo yote.

Ndugu walioko Muscat au Dubai wana jambo lao la pekee. Wengi huendelea kutumia WhatsApp yenye namba ya Tanzania au Kenya huku laini yenyewe imelala kwenye droo au imeshapotea. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kugawiwa mteja mwingine, ambaye siku akifungua WhatsApp ataletewa tarakimu za kuthibitisha namba iliyokuwa yako. Ukihamia namba mpya, tumia sehemu ya kubadilisha namba iliyomo kwenye mipangilio ya akaunti, kisha pitia Facebook, barua pepe na benki uondoe namba ya zamani.

Kuhusu barua pepe, swali ambalo humkwamisha kila mzee ninayemsaidia ni hili: "Hii Gmail iliyomo kwenye simu yako, nani aliifungua?" Jibu huwa ni kijana wa dukani. Siku ya kununua simu, muuzaji huifungua akaunti haraka haraka, hubuni nenosiri, na mteja huondoka bila kulijua. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mtu asiyemjua anaweza kuwa na ufunguo wa picha na majina yote yaliyohifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Pili, simu ikifutwa kwa nguvu na fundi, Android itadai akaunti ileile iliyokuwemo, na asiye na nenosiri atabaki na simu isiyofunguka. Kama simu yako ilianza hivyo, badilisha nenosiri leo, ukiwa bado umo ndani, na uweke namba yako na anwani nyingine ya kurejeshea akaunti.

Katika manenosiri yenyewe sitaki kukaa sana. Refu ni bora kuliko gumu. Maneno manne yasiyohusiana ni rahisi kuyakumbuka na ni vigumu kuyabahatisha. Jambo lisilosameheka ni kutumia nenosiri moja kila mahali, kwa kuwa tovuti moja ikivuja, zote zimevuja. Kwa vijana napendekeza programu ya kutunza manenosiri, kama Bitwarden au ile ya Google iliyomo tayari kwenye simu. Kwa wazee napendekeza daftari linalokaa kabatini nyumbani, ingawa wataalamu wengine watanicheka, kwani mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye kabati la mtu aliyeko Kilosa.

Viungo vya bando la bure, ajira za mashirika na zawadi za sikukuu vinasambazwa zaidi na watu wema kuliko na matapeli. Kabla ya kukigusa, soma anwani hadi inapoishia kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://: tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz na za Kenya .go.ke. Kinachofuata baada ya mkwaju huo mtu anaweza kuandika chochote, hata jina la wizara. Ukurasa unaokudai usambaze kwa makundi 10 ndipo upate zawadi, uufunge bila kufikiri mara mbili.

Utapeli ukitokea, au ukijaribiwa tu kwa ile meseji maarufu ya "ile hela itume kwenye namba hii", kwa Tanzania ipeleke meseji hiyo kwenda 15040, na ukiulizwa namba iliyoituma, itaje. Kwa Safaricom, tuma kwenda 333. Kama fedha zimeshatoka, piga huduma kwa wateja papo hapo, kabla hazijatolewa kwa wakala, kisha nenda polisi na ujumbe wa muamala, ukiwa na picha za mazungumzo, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inahusu pia ulaghai wa namna hii. Yule mama wa kikoba alifanya hivyo asubuhi yake, na kufikia hapo fedha zilikuwa zimeshatolewa. Wiki hiyohiyo alipigiwa na mtu aliyedai kuwa ni mtaalamu wa kurejesha fedha zilizoibwa, akiomba elfu hamsini ya kuanzia kazi, na namba ya kumlipia ilikuwa na jina lilelile la "wakala."