Klabu za Ayalandi: mwenye timu nani, na anayelipa nani?

Majuzi niligusia Shamrock Rovers ya Dublin, klabu ambayo nusu yake ni mali ya wanachama na nusu ya matajiri wawili. Nilidhani mtapita tu, kumbe nimechokoza nyuki. Nimechagua maswali haya.

Kaka, hiyo nusu kwa nusu ya Rovers inaendaje? Simba tumeimba 51 za wanachama kwa 49 za mwekezaji miaka nenda rudi na kelele hazijaisha. (Mwanza)

Rovers wanachama wana asilimia 50. Ray Wilson, mfanyabiashara aliyehamia Australia, ana 25. Zilizobaki 25 alizichukua Dermot Desmond mwaka 2019, yuleyule mwenye hisa nyingi kuliko wote pale Celtic ya Scotland.

Lakini ukitazama namba peke yake utakosa utamu. Mwaka 1987 familia iliyokuwa ikimiliki klabu iliuza uwanja wa Milltown, zikajengwa nyumba. Rovers, timu yenye makombe kuliko zote nchini humo, ikawa mpangaji. Leo inacheza kwa huyu, msimu ujao kwa yule, miaka 22. Mwaka 2005 ilifika mahakamani kwa madeni, na mashabiki waliokuwa wakichanga kila mwezi ndio walioinyanyua. Mwaka 2009 wakaingia Tallaght, uwanja wa halmashauri ya South Dublin.

Sasa angalia mpangilio huo. Matajiri walipofika, klabu ilishakuwa na wenyewe, na uwanja haukuwa wa kuuzika. Wamenunua hisa za timu, hawakupata kiwanja. Mimi naona hapo ndipo siri ilipo kuliko kwenye asilimia. Kwetu tunabishana mwenye 51 ni nani, wakati swali la kwanza lingekuwa hati ya uwanja iko kabati la nani.

Na wanachama wakichoka? (Arusha)

Wanakabidhi. Cork City ilipoanguka mwaka 2010, chama cha mashabiki kiitwacho FORAS kiliichukua, na mwaka 2017 wakabeba ligi na Kombe la FAI, yaani la shirikisho la soka la Ayalandi, kwa mkupuo. Baadaye pumzi ikakata. Sasa klabu iko kwa mfanyabiashara Dermot Usher. Kura ilipigwa, hakuna aliyepinduliwa.

Ligi ile haina pesa za televisheni kama za Uingereza. Bajeti inatoka wapi? (Nairobi)

Viingilio, wadhamini, mfuko wa tajiri kama yupo, kuuza vijana, na mashindano ya Ulaya. Hasa Ulaya. Chukua kalamu tupige hesabu ya Rovers msimu wa 2024/25 kwenye Conference League, shindano la tatu la klabu za Ulaya. Kufika tu hatua ya ligi: euro milioni 3.17. Kila ushindi: euro 400,000. Kila sare: kama euro 133,000. Walicheza mechi sita, wakashinda tatu, wakatoka sare mbili, wakafungwa moja (5-1 na Chelsea kule Stamford Bridge, haina aibu). Jumla ni takriban euro milioni 4.6, na bado kuna mafungu mengine ya UEFA sijayaweka.

Bingwa wa ligi ya nyumbani anapewa laki moja na ushee tu za euro. Kwa hiyo mechi moja ya ushindi Ulaya inazidi ubingwa wa msimu mzima! Ndiyo maana timu ya nne inapigania nafasi yake ya Ulaya kama mtu anayegombea siti ya mwisho ya daladala. Ubaya wake ni kwamba anayeingia mara moja anasajili kwa pesa hizo, anaingia tena, na wengine wanabaki kumtazama mgongo.

Viingilio navyo si haba siku hizi. Februari 2025 Bohemians, nao wa Dublin, na Rovers walifungua msimu Aviva, uwanja wa timu ya taifa, mbele ya watu 33,208, rekodi ya mechi ya ligi hiyo. Ila siku ya kawaida viwanja vyenyewe ni vidogo, tiketi zinaisha na watu bado wako nje.

Mzee, Wamarekani wameingia huko. Ni neema au balaa? (Mombasa)

Nitakupa visa viwili, uamue mwenyewe.

Dundalk ni mji mdogo karibu na mpaka wa kaskazini. Chini ya kocha Stephen Kenny, wakiwa na wenyeji, walichukua ligi 2014, 2015 na 2016, na mwaka huo wa 2016 wakawa timu ya kwanza ya Ayalandi kushinda mechi ya makundi ya Ulaya. Januari 2018 kampuni ya PEAK6 ya Chicago ikainunua. Wakachukua ligi 2018 na 2019, wakarudi makundi ya Europa League 2020. Safi? Ngoja. Uwanja wao, Oriel Park, ulibaki vilevile, haufai hata kwa mechi za makundi, wakawa wanahama kwenda kucheza Dublin. Mwisho wa 2021 Wamarekani wakafunga virago. Klabu ikapita mikono ya wenyeji, ikaenda kwa mwingine, na Septemba 2024 ilikuwa inahesabu siku za uhai hadi mwanasheria wa mjini hapo alipojitosa. Mwaka huo wakashuka daraja. Mamilioni yaliyopita pale yaliishia kwenye mishahara. Hakikujengwa kitu cha kumfaa aliyebaki.

Kisa cha pili ni Drogheda United, mali ya Trivela Group ya Alabama, ambayo pia ina Walsall ya Uingereza, Silkeborg ya Denmark na timu kule Togo. Mwishoni mwa 2024 Drogheda walishinda Kombe la FAI, wakapata tiketi ya Conference League. Silkeborg nao wakafuzu mashindano hayohayo. UEFA hairuhusu mwenye mali mmoja awe na timu mbili katika shindano moja, na tarehe ya kupanga mambo yako ilikuwa Machi 1, 2025. Ilipita. Drogheda wakaenda mahakama ya michezo, CAS, na Juni wakashindwa. Silkeborg wakacheza, Drogheda wakakaa nyumbani.

Fikiria shabiki aliyelia kwa furaha siku ya fainali, kisha anaambiwa tiketi imekufa kwa sababu bosi ana mtoto mwingine Denmark. Binafsi sina ugomvi na pasipoti ya mwekezaji. Ninachouliza ni wewe ni mtoto wa ngapi katika familia yake.

Bohemians ni ya mashabiki kabisa? Niliona jezi yao ya Bob Marley. (Zanzibar)

Kabisa, mwanachama mmoja kura moja. Marley aliimba katika uwanja wao wa Dalymount mwaka 1980. Mwaka 2018 walitangaza jezi yenye sura yake, wakaambiwa haki za picha hazikuruhusu, wakaweka ngumi iliyoinuliwa. Jezi sasa ni mradi wao mkubwa, zinanunuliwa na watu wasiowahi kukanyaga Dublin.

Ila msidhani wanachama ni malaika. Wakati bei za ardhi zilipopaa, walikubali kuuza Dalymount kwa mjenzi mmoja kwa makumi ya mamilioni, wakaanza kutumia pesa kabla hazijaingia. Ligi ya 2008 na 2009 walichukua. Halafu soko la nyumba likaporomoka, mauzo yakafa, madeni yakabaki. Mwaka 2015 halmashauri ya jiji ikaununua uwanja kwa euro milioni 3.8. Hapakuwa na tajiri wa kulaumiwa, ilikuwa mikono yao wenyewe.

Kwa nini vijana wao sasa wanauzwa ghali? (Kampala)

Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, klabu zake haziwezi kumsajili kijana wa Ayalandi kabla hajatimiza miaka 18. Zamani walichukuliwa wakiwa na 15 au 16 kwa pesa ya soda. Sasa wanacheza ligi ya nyumbani kwanza, bei inapanda. Mason Melia wa St Patrick's Athletic aliuzwa Tottenham kwa rekodi ya ligi mwaka 2025, akasubiri kwao hadi Januari 2026.

Mdogo wangu amepata mtu wa kumpeleka timu ya huko. Mshahara ukoje? (Bujumbura)

Dada, inategemea daraja. Ligi Kuu timu nyingi ni za kulipwa muda wote. Daraja la Kwanza wengi asubuhi wako kazini, jioni mazoezini. Msimu unaanza Februari unaisha Novemba, na ilikuwa kawaida mikataba kuishia hapohapo, mchezaji anakula sikukuu bila mshahara. Kabla hajasaini, asome ukurasa wa tarehe: ni wiki 52 au ni mpaka Novemba?