Alotoroka soba mara mbili: kabla hujamrudisha

Kaka ulouliza kama mdogo wako arudishwe soba, zile nyumba za kuachia madawa ya kulevya, au aachwe, maana katoroka mara mbili na anasema yale ni mambo ya kizungu, miye mwenyewe nilitoroka kwa hiyo sikulaumu wala yeye simlaumu.

Miye mtu wa Wete, unga nimevuta miaka 7, na soba ya mwanzo Unguja nilikaa siku 11 tu. Si arosto ilonitoa, yale maumivu ya kukosa unga, ilikuwa ishapungua. Ni kile kikao cha jioni, mnakaa duara kila mtu anataja jina lake na "mimi ni mraibu" halafu anamwaga yote, na mbele yangu kakaa mtoto wa jirani yetu kule kule Wete! Sisi tumelelewa kwamba Mungu akikusitiri usijifichue, leo nianike kwamba nimeuza cherehani ya mama? Nikaruka ukuta.

Soba ya pili hatua ni zile zile 12 za kuachia uraibu wanazofuata soba, ila msimamizi teja wa zamani, siku moja baada ya alasiri akanivuta pembeni, we hatua ya tano umeisoma vizuri? Inasema ukiri kwa Mungu, kwa nafsi yako, na kwa mtu mmoja. Mmoja! Basi tukakaa pwani tunamenya machungwa nikamwambia yeye peke yake. Na ile ya tisa, ya kuwaendea ulowakosea ukarekebishe, jamani si ndo kurudisha haki za watu, mzungu kaingia wapi hapo? Nilimpelekea bi mkubwa cherehani ya mtumba, akaigeuzageuza, akatia uzi, hakunambia neno. Asubuhi nikakuta suruali yangu ilochanika imetiwa kiraka.

Kama bado anajidunga, kaulizeni kwanza methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga, pale hospitali ya Kidongo Chekundu Unguja, ipo tangu 2015. Anakunywa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, sasa Ramadhani ikikaribia mzungumze na daktari mapema kuhusu kusogeza dozi baada ya futari, maana mwenzangu mmoja aliogopa kufungua akakaa kimya, akaacha kwenda, kabla ya Idi kesharudi maskani.

(Kama mdogo wako ni wa kike hapo nna machache ya kusema, soba nyengi ni za wanaume, na mwanamke akionekana tu mlangoni mtaa mzima unajua.)

Ila kabla ya yote muulize taratibu, mko wawili tu, kule soba alikuwa kakaa duara moja na nani.