Kutafuta mtoto: njooni wawili

Daktari, nina miaka 27 na miezi saba ya ndoa. Sijashika mimba, na mawifi wameanza kuuliza. Nianze vipimo?

Bado, ikiwa hedhi yako haibadiliki-badiliki na hujawahi kuugua maambukizi ya tumbo la chini. Tunahesabu mwaka mzima wa kukutana bila kinga. Aliyefikisha miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Kukutana kila baada ya siku 2 au 3 kunatosha. Mawifi wavumilie.

Mume wangu hataki kupima. Anasema nguvu anazo na alishazaa na mke wa kwanza.

Nguvu ni jambo moja, mbegu ni jingine. Mwanamume anaweza kuwa hodari kitandani na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja. Hilo linaonekana kwa hadubini tu. Na mtoto aliyemzaa miaka kumi iliyopita si ushahidi wa mbegu za leo. Inaniuma sana mwanamke anapofika ameshapigwa picha ya mirija ya uzazi (njia za yai), pengine na kupasuliwa, huku mumewe hajatoa hata kichupa kimoja. Karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mume nao una kasoro. Kipimo hakiumi: akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, kisha apeleke shahawa maabara. Majibu yakiwa mabaya turudie baada ya miezi 3, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya miezi 2 kukomaa, na homa kali ya karibuni huzipunguza. Kama anachoma sindano za testosteroni, homoni ya kiume, ili ajenge misuli, aseme! Hizo husimamisha utengenezaji wa mbegu.

Nimeuziwa dawa ya mitishamba ya kuzibua mirija. Ninywe?

Usinywe, dada yangu, wala usiiweke ukeni. Mirija huzibwa na makovu, mara nyingi ya magonjwa ya zinaa kama klamidia au kisonono, na kovu haliyeyuki kwa dawa. Kwanza tujue kama imeziba kweli. Eksirei yake hupigwa siku chache baada ya hedhi kukatika. Wakati mwingine mrija hujikaza tu, ukaonekana umeziba.

Mtoto aliyetungwa maabara, naye atazaa?

Anaweza, kama wengine. Wa kwanza duniani, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 1978, kwa sababu mirija ya mama yake ilikuwa imeziba. Sasa ana watoto wawili, na mimba zote mbili alizishika kwa njia ya kawaida.